Waya wa bodi uwe wa mwisho: Somo la gereji ambalo kila mzazi anapaswa kulijua

Lori la zamani linapotoka kwenye matengenezo makubwa, macho ya familia yote huwa kwenye injini. Fedha za vipuri zimekwenda, fundi amelipwa nusu, gari limelala wiki kadhaa bila kuingiza hata shilingi, na ada ya shule inasubiri safari ya kwanza. Mwenye gari anauliza kama pistoni ni mpya, kama pampu ya dizeli imepimwa, kama gia zinaingia vizuri.

Ni wachache wanaouliza kuhusu waya mmoja mnene, mara nyingi mweusi, unaotoka kwenye betri na kufungwa kwa bolti kwenye chesisi. Mafundi wanauita waya wa ethi, wengine waya wa bodi. Ukifungwa vibaya, lori haliwaki, au linawaka leo na kuungua kesho. Ukifungwa kwa mpangilio usio sahihi, aliyeshika spana anaweza kurudi nyumbani na jicho moja.

Habari hii inawahusu wazazi kwa sababu, katika gereji nyingi za ukanda wa Shinyanga na Geita, anayeshika spana hiyo ni kijana wao.

Mikono ya nani inashika spana

Ukanda huu unaishi kwa magurudumu. Makontena na mizigo ya Rwanda na Burundi hupita Isaka na Kahama. Malori hubeba mchele, mpunga na pamba kutoka vijijini. Kwenye maeneo ya dhahabu, kuanzia Kakola hadi Nyarugusu, Mgusu na Katoro, malori yaliyozeeka hupewa kazi ambayo magari mapya hayapelekwi: kubeba mawe kwenda kwenye makrasha, kubeba marudio kwenda kwenye mitambo ya kuchenjulia, kupeleka maji, mbao na magogo ya kuegemeza mashimo.

Magari ya namna hiyo huharibika mara kwa mara, na kila penye magari mabovu pana gereji. Nyingi ni uwanja wazi kando ya barabara, mwembe mmoja, kontena la kufungia vifaa, na vijana kadhaa wenye ovaroli zilizojaa oili. Baadhi yao wamemaliza kidato cha nne na kukosa nafasi ya kuendelea. Wengine waliacha shule mapema. Mzazi huwapeleka kwa fundi anayemfahamu, akiamini kwamba ufundi ni urithi ambao hauibiwi.

Kijana akifika, huanza na kazi ndogo: kuosha vipuri, kuleta spana, kubeba betri kwenda kuchajiwa na kuirudisha. Kufunga betri huonekana kazi nyepesi kuliko zote, kwa hiyo huachiwa mdogo kuliko wote. Fundi mkuu yuko chini ya gari anakaza bolti za gia, anasema kwa sauti, "Dogo, funga betri tuwashe," na dogo anafunga anavyojua.

Mara nyingi hakuna kinachotokea. Ndiyo sababu kosa hili hudumu miaka mingi bila kurekebishwa.

Kwa nini bodi nzima ni waya

Kila kifaa cha umeme kinahitaji njia mbili, moja ya kupeleka umeme na nyingine ya kuurudisha. Kwenye gari, waya wa chanya hupeleka umeme kwenye taa, honi na stata. Njia ya kurudi huwa ni chuma chenyewe: injini, chesisi na kabati la dereva. Watengenezaji walifanya hivyo ili kupunguza nyaya. Kwa hiyo, waya wa ethi ukishafungwa, kila kipande cha chuma kilichoungana na gari kinakuwa sehemu ya upande wa hasi wa betri.

Hapo ndipo hatari inapoanzia. Kijana aliyefunga ethi kwanza sasa anakaza klampu ya chanya kwa spana ya chuma. Spana ikiteleza na ncha yake ikagusa chesisi au boksi la betri, imeunganisha pande mbili za betri moja kwa moja. Mafundi huita shoti. Betri ya lori inaweza kutoa mamia ya ampea kwa mara moja, umeme wa kutosha kuifanya spana iwe nyekundu, kurusha vipande vya chuma kilichoyeyuka na kuiganda mahali pake.

Kama kijana amevaa pete au bangili ya chuma, na pete hiyo ikakaa kati ya spana na bodi, joto hupita kwenye pete. Volti 12 au 24 hazimpigi mtu shoti kama umeme wa nyumbani, na watu wengi hudhani betri haina madhara kwa sababu hiyo. Kinachounguza ni chuma kilichopata moto ghafla, na pete huunguza kidole mzunguko mzima, hadi kwenye mishipa na mfupa.

Cheche nazo zina hatari yake. Betri ya asidi inapochajiwa, hasa ikizidishwa chaji, hutoa gesi ya haidrojeni. Gesi hiyo haionekani na haina harufu. Ikifikia asilimia 4 tu ya hewa iliyopo, inaweza kulipuka kwa cheche moja. Betri iliyotoka kuchajiwa muda mfupi uliopita na kuwekwa kwenye boksi lenye mfuniko inaweza kuwa na gesi hiyo juu yake. Ikilipuka, plastiki hupasuka vipande vipande na asidi ya salfuriki hurukia uso wa aliyeinama kuitazama.

Wa kwanza kutoka, wa mwisho kurudi

Kanuni ya kuzuia yote hayo ni fupi kiasi kwamba mtoto wa darasa la nne anaweza kuikariri: waya wa bodi ni wa kwanza kutoka na wa mwisho kurudi.

Wakati wa kufungua, zima kila kitu, toa ufunguo, kisha fungua waya wa ethi kwanza na uusogeze mbali ili usijirudie wenyewe. Baada ya hapo fungua chanya. Spana ikigusa bodi sasa, hakuna kitu, kwa kuwa bodi haijaungana tena na betri.

Wakati wa kufunga, anza na chanya. Kaza hadi mwisho, weka kifuniko chake. Ukimaliza kila kazi nyingine, ndipo ufunge ethi. Hata spana ikigusa chesisi wakati unakaza klampu ya hasi, hasi na chesisi ni upande mmoja, hakuna shoti.

Kabla ya ethi kurudi, fundi makini hukagua kama kuna waya wowote wa chanya ulioachwa wazi kwenye stata au altaneta, na kama swichi zote zimezimwa. Klampu ya ethi ikitoa cheche kubwa inapogusa kichwa cha betri, hiyo ni dalili kwamba kuna kitu kinavuta umeme. Inapaswa kuondolewa na kutafutwa sababu. Kugonga klampu kwa nyundo ili iingie kwa nguvu huficha tatizo, na huweza kupasua kichwa cha betri.

Jambo moja kuhusu magari ya zamani sana. Baadhi ya magari yaliyotengenezwa Uingereza kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960, yakiwamo Land Rover za wakati huo, yalifungwa chanya kwenye bodi badala ya hasi. Machache bado yapo kwenye mashamba na yadi za wakusanyaji. Kanuni haibadiliki: waya unaokwenda kwenye bodi, uwe wa alama gani, ndio wa kwanza kutoka na wa mwisho kurudi. Kinachobadilika ni lazima fundi asome alama kabla ya kufunga. Kugeuza pande za betri huunguza altaneta na redio ndani ya sekunde chache.

Lori lenye betri mbili

Malori mengi yanayofanya kazi ukanda huu, kama Fuso, Isuzu kubwa na Scania, hutumia volti 24. Hayana betri moja ya volti 24. Yana betri mbili za volti 12 zilizopangwa kwa mfuatano. Chanya ya betri ya kwanza inakwenda kwenye stata. Hasi ya betri hiyo inaungana kwa waya mfupi na chanya ya betri ya pili. Hasi ya betri ya pili ndiyo pekee inayokwenda kwenye bodi.

Hapa ndipo kijana asiyefundishwa hukwama. Anaona hasi mbili, na amesikia kwamba hasi huenda kwenye bodi, basi anazifunga zote mbili kwenye chesisi. Akifanya hivyo huku waya mfupi wa kati ukiwa umefungwa, ameipiga shoti betri ya pili. Nyaya hulainika, plastiki hutoa moshi, na asiyejua afanye nini hujaribu kuchomoa klampu kwa mkono mtupu.

Njia salama ni kupiga picha ya simu kabla ya kufungua chochote. Simu ambayo kijana huitumia kutazama mpira inaweza kumwokoa. Zaidi ya hapo, kila waya uwekewe alama ya rangi au utepe: nyekundu kwa chanya, nyeusi kwa ethi, rangi nyingine kwa waya wa kati. Gari lililokaa miezi mitatu gereji limeshikwa na mikono mingi, na hakuna anayekumbuka nyaya zilivyokaa siku ya kwanza.

Ethi mbovu, moto usiotarajiwa

Kufuata mpangilio hakutoshi kama waya wenyewe umefungwa mahali pabaya. Injini ya lori hukaa juu ya vipande vya mpira ili isitikise kabati. Mpira haupitishi umeme. Kwa hiyo, pamoja na waya mkubwa unaotoka betri kwenda chesisi, lazima kuwe na waya au mkanda mwingine wa shaba unaounganisha injini na chesisi. Mkanda huo ndio unaosahaulika zaidi pale injini inaposhushwa na kurudishwa. Hubaki sakafuni pamoja na bolti zilizozidi, na mtu huuokota kama chakavu.

Usipokuwepo, stata bado itahitaji mamia ya ampea, na umeme utatafuta njia yoyote iliyobaki ya kurudi: kebo ya akseleta, kebo ya gia, bomba la chuma la dizeli. Vitu hivyo havikutengenezwa kubeba umeme wa aina hiyo. Kebo ya akseleta hupata moto, plastiki yake huyeyuka, na inaweza kuganda wakati dereva yuko barabarani. Bomba la dizeli likipata joto karibu na uvujaji mdogo, moto huanza chini ya miguu ya dereva na utingo wake.

Hata ethi iliyofungwa juu ya rangi au kutu ina matatizo. Chukua hesabu ya kawaida: stata ikivuta ampea 400, na volti 2 zikapotea kwenye bolti moja yenye kutu, basi bolti hiyo inageuza wati 800 kuwa joto, karibu sawa na pasi ya umeme iliyowashwa. Dereva hulalamika kwamba betri ni mbovu. Familia hununua betri mpya, na baada ya wiki mbili gari linasukumwa tena.

Ndiyo maana fundi anayejua kazi yake hukwangua rangi na kutu kwa msasa au brashi ya waya hadi chuma king'ae, kisha huweka washa yenye meno, hukaza, na mwisho hupaka grisi juu ili unyevu usiingie. Kisha hupima. Ncha moja ya mita hugusa kichwa cha hasi cha betri, nyingine hugusa chuma kitupu cha injini, na mtu mwingine anapiga stata. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti hivi, kuna mahali ethi haijashika.

Mwenye gari asiye na mita ana dalili za kuangalia. Taa hufifia sana stata inapopigwa. Geji ya joto hupanda ghafla mara taa zinapowashwa. Indiketa ya kushoto inapowaka, taa nyingine nazo zinapepesa. Kebo ya akseleta inakuwa ya moto baada ya kupiga stata mara kadhaa. Yoyote kati ya hizo inatosha kulirudisha gari kwa fundi kabla ya kupakia mzigo.

Katika ukanda wa migodi kuna jambo la ziada: kuchomelea. Chesisi hupasuka kwa mzigo na mashimo ya barabara, na mchomeleaji huitwa hapo hapo gari lilipo. Kabla hajawasha mashine yake, nyaya za betri zifunguliwe, ethi kwanza. Klampu ya mashine ya kuchomelea ibanwe karibu kabisa na mahali panapochomwa. Ikibanwa mbali, umeme wa kuchomelea hupita kwenye beringi na nyaya za gari na kuziharibu.

Tabia mbili za kuacha

Injini za dizeli za zamani zina pampu inayoendeshwa na injini yenyewe, hivyo zikishawaka huweza kuendelea kuunguruma hata bila betri. Hilo limezaa tabia ya kujaribu altaneta kwa kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inawaka: ikiendelea, altaneta ni nzima. Kipimo hicho hakiaminiki. Umeme wa altaneta hupanda ghafla na kuunguza vifaa, na cheche hutokea juu kabisa ya betri inayochajiwa, mahali ambapo gesi ipo.

Tabia ya pili ni ya kuwasha lori kwa betri ya gari jingine, kubusti kama wengi wanavyosema, kwa kufunga klampu zote nne kwenye vichwa vya betri. Mpangilio salama ni huu: klampu nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, nyekundu ya pili kwenye chanya ya betri nzima, nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na nyeusi ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini au chesisi ya gari bovu, mbali na betri. Cheche ya mwisho, ambayo ni vigumu kuikwepa, inatokea mahali pasipo na gesi. Magari yawe ya volti sawa. Pikapu ya volti 12 na lori la volti 24 hayaazimani betri.

Ajali ikitokea: dakika 20 za maji

Asidi ikiingia machoni, kinachookoa jicho ni maji safi, mengi, na mara moja. Mlaze au mwinamishe mtu, shikilia kope zake zifunguke, na mimina maji yapite kutoka upande wa pua kwenda nje, ili asidi isiingie jicho la pili. Endelea kwa angalau dakika 20 bila kukatisha, hata akisema maumivu yamepungua. Kisha mpeleke kituo cha afya na mweleze mhudumu kwamba ni asidi ya betri. Wakiona inafaa, watampa rufaa kwenda hospitali ya mkoa au Bugando jijini Mwanza.

Maziwa, asali, mkojo, mafuta ya kupikia na dawa ya meno havina kazi hapo. Magadi nayo yasiwekwe machoni kwa nia ya kuua asidi. Yanaweza kuongeza jeraha.

Asidi ikimwagika mwilini, vua nguo iliyolowa papo hapo na umwagie maji kwa muda huo huo. Kwa kidonda cha moto kutokana na shoti, vua pete, saa au bangili mapema kabla ya kidole kuvimba, poza kwa maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, kisha funika kwa kitambaa safi. Malengelenge yasipasuliwe.

Kwa hiyo, gereji isiyo na ndoo au dumu la maji safi lililotengwa haijajiandaa kufunga betri. Dumu la lita 20 linagharimu kidogo kuliko spana moja, lakini mara nyingi maji yaliyopo gereji ni yale yaliyooshewa vipuri.

Moto ukianza kwenye dizeli, tumia kizima moto au mchanga. Maji hueneza dizeli inayowaka. Kama klampu ya ethi inafikika bila hatari, ifunguliwe ili kukata umeme. Kama haifikiki, watu wasogee mbali na namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ipigwe.

Kinachokuja nyumbani na ovaroli

Ndani ya betri kuna risasi, na unga mweupe au wa kijani unaoota kwenye klampu una madini hayo. Kijana anayeukwangua kwa brashi kavu huuvuta puani, na unaobaki kwenye ovaroli na mikono huenda naye nyumbani, kwenye sahani ya ugali na kwa mdogo wake anayetambaa.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba watoto wadogo hufyonza risasi wanayomeza mara 4 hadi 5 zaidi ya watu wazima. Madhara yake hayana homa wala upele. Mtoto anakuwa mzito kuelewa, msahaulifu, mwenye hasira, na mzazi anadhani ni utundu.

Afrika Mashariki ina somo lake karibu. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi katikati ya makazi kuanzia 2007 hadi 2014. Wakazi, watoto wakiwamo, walikutwa na risasi mwilini, na Julai 2020 mahakama iliwapa ushindi na kuamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Gereji haifikii kiwanda, lakini madini ni yale yale.

Hatua za nyumbani ni nyepesi. Klampu zisafishwe kwa maji ya moto na brashi, na kamwe zisipulizwe. Kijana aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Ovaroli ibaki gereji au ifuliwe peke yake. Betri kuukuu isikae chumbani wala kwenye uwanja wanakochezea watoto, na mtu asiruhusiwe kuipasua ili kuyeyusha risasi kwenye jiko la mkaa. Hii inahusu pia nyumba zinazotumia betri ya lori kuwashia taa na televisheni: iwekwe mahali penye hewa, mbali na moto, vichwa vyake vikiwa vimefunikwa.

Sheria inasema nini

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Aliyefikisha miaka 14 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya yake wala kumzuia kwenda shule. Kazi yenye mazingira hatarishi hairuhusiwi kwa aliye chini ya miaka 18, hata kama sehemu ya kazi si rasmi. Gereji chini ya mwembe haiko nje ya sheria.

Kwa kijana aliyekwishajifunza mtaani, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Kijana hupimwa, huongezewa pale alipopungukiwa, na hupata cheti. Mamlaka hiyo ina chuo Shinyanga. Mzazi anayeona ada ni kubwa alinganishe na gharama ya kumuuguza mtoto aliyeungua uso.

Maswali ya kumuuliza fundi

Mzazi hahitaji kuwa fundi ili kumlinda mwanawe. Anapompeleka gereji, au anapopita kumsalimia, maswali haya yanatosha:

1. Fundi, mwanangu akifungua betri, anaanza na waya upi? Muulize na kijana mwenyewe, fundi akiwa hapo. Majibu yao yafanane.

2. Anavaa nini machoni na mikononi? Miwani ya kinga na glovu za mpira ziwe zinatumika. Zikiwa zimetundikwa na kujaa vumbi, jibu umelipata.

3. Maji safi ya dharura yako wapi? Aonyeshe kwa kidole, bila kutafuta.

4. Nani anakagua kabla ya kupiga stata? Kazi ya mwanafunzi ikaguliwe na mkubwa wake kila mara.

5. Betri zinachajiwa wapi? Ziwe mahali pa wazi, mbali na mchomeleaji, jiko na wavuta sigara.

Mwenye lori naye aongeze moja siku ya kukabidhiwa gari: mkanda wa ethi kati ya injini na chesisi umerudishwa? Ainame auone kwa macho yake, umekazwa kwenye chuma kinachong'aa, kabla ya kumlipa fundi nusu iliyobaki.

Na nyumbani, wakati wa chakula cha jioni, baba au mama amwambie kijana avue pete na saa kabla ya kwenda kazini kesho. Fundi mwenye haraka hatamkumbusha.